Vita vya Dimbwi la Mama Paskazia

Jongeeni, enyi watu wa Mkuyuni, nanyi wa Igoma zilazeni nyundo zenu za kokoto kidogo, nanyi mliosimama njia panda ya Usagara na mizigo kichwani, tueni mizigo mnisikilize. Kwa maana ninayo habari ambayo haijapata kusimuliwa katika mji huu wa mawe tangu mawe yenyewe yalipopandana. Nitawasimulia vita. Havikuwa vita vya wafalme wala vya mipaka wala vya dhahabu, bali vita vilivyopiganwa mchana kweupe, nyuma ya banda la kuku la Mama Paskazia, katika dimbwi ambalo mtu mwenye miguu mirefu angelivuka kwa kuruka, kwa ajili ya mateka mmoja ambaye urefu wake haukuzidi kidole changu cha shahada. Nawe Nyanza, mama wa maji, uliyewalisha babu zetu na ungali ukitulisha sisi tusiokushukuru, nipe pumzi ndefu na ulimi usiokwama, maana mimi ni fundi cherehani tu, na kazi yangu ya kila siku ni kupunguza suruali.

Yajueni kwanza yaliyotangulia. Zamani, kabla sangara, yule samaki mla samaki, hajatiwa katika ziwa hili, maji yetu yalijaa furu wa kila namna. Furu mnamfahamu: kisamaki chenye miiba, ambacho watoto hukivua kwa ndoana za pini na akina mama hukikaanga siku ambayo sato ameadimika. Basi walikuwapo furu wa rangi zote, wenye kula konokono, wenye kula magamba, wenye kula mwani juu ya mawe, kila ukoo na jiwe lake na kila jiwe na mwenyewe. Sangara akaja na kinywa chake. Maji nayo yakachafuka. Koo za furu zikaanza kutoweka moja baada ya nyingine, kimya kimya, pasipo matanga, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ameondokewa.

Miongoni mwa waliotoweka alikuwamo yule ambaye wavuvi wakongwe walimwita furu shanga. Dume lake alivaa mkanda mwekundu mgongoni, na katika pezi la chini alibeba vidoa vya njano, vya mviringo, vimepangana kama shanga kiunoni mwa bibi harusi. Na wote, dume na jike, walipitiwa jichoni na mstari mweusi, utadhani wamepakwa wanja kwa ajili ya sherehe. Wanasayansi wanalo jina lake jingine, refu, la Kilatini, ambalo nimelisikia mara nyingi na kila mara limenishinda. Tangu mimi nikiwa sijavaa suruali ndefu hakuna jicho la mwanadamu lililomwona, na wakubwa wa elimu walikwisha kumweka kwenye hesabu ya viumbe waliopotea.

Sasa nawaleta mashujaa wangu.

Wa kwanza ni Daktari Celestina Kahigwa, binti wa Kagera, mpindua mawe, mzamia mapango, asiyeogopa mamba wala mwenyekiti wa kikao, ambaye kila mahali alikokwenda alikwenda na wavu mdogo wa mkononi kama wenzake waendavyo na mwavuli. Wa pili ni Daktari Nurdin, mwana wa mjini Mwanza hasa, uzao wa masonara, mpima maji, mtulivu wa sauti, mwenye kofia nyeupe ya kudariziwa kwa mkono ambayo mama yake alimshonea na ambayo haikuwa imeguswa na doa tangu iliposhonwa. Hawa wawili walifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti, chini ya paa moja, na walikuwa hawasemezani.

Ugomvi wao ulitoka mbali. Katika mkutano mmoja wa wataalamu wa ziwa, Nurdin alisimama mbele ya watu akasema kwa upole kwamba furu shanga amekwisha, kwamba mafuta ya mashua yaliyokuwa yakichomwa kumtafuta marehemu yangeweza kuwatafutia dawa samaki walio hai. Celestina akajibu kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Samaki hajafa, Daktari. Wewe ndiye umechoka." Watu wakacheka. Tangu kicheko kile, wawili hawa walizungumza kwa kupitia kinywa cha Prudencia, mtunza matangi ya samaki wa kituo, dada mwenye subira, ambaye meza yake kwa bahati mbaya ilikuwa katikati ya meza zao.

"Prudencia, mwambie Daktari Nurdin kwamba kipima joto chake kiko kwenye ndoo yangu."

"Daktari Nurdin, kipima joto chako kiko kwenye ndoo yake."

"Prudencia, mwambie nimesikia."

Hivyo ndivyo walivyoishi, misimu ikaingia na misimu ikatoka.

Ikawa mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia katika nyua za watu, maji yalifika mpaka kwenye banda la kuku la Mama Paskazia, jirani yangu, mama wa makamo anayeuza dagaa wa kukaanga pale sokoni Mkuyuni. Na ziwa liliporudi mahali pake liliacha nyuma dimbwi, kati ya mawe mawili makubwa kama nyumba, na dimbwi hilo likabaki, jua likilinywa kidogo kidogo. Asubuhi moja Mama Paskazia alikwenda kuteka maji ya kusafishia banda, akaona visamaki viwili. Wazo lake la kwanza, kama alivyoniungamia mwenyewe, lilikuwa mchuzi. Lakini kimoja kikageuka ubavu, naye akauona ule wanja. Akakumbuka picha kubwa ambayo Celestina aliibandika pale mwaloni, zinapotia nanga mashua, chini ya maneno HUYU ANATAFUTWA, kama mwizi wa ng'ombe. Akapiga picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaituma kwenye namba iliyoandikwa pale.

Picha ile niliiona. Ungeweza kusema ni samaki. Ungeweza kusema ni kandambili. Nurdin, alipooneshwa na Prudencia, alisema ni ukungu. Lakini Celestina aliiangalia, akavua miwani, akaivaa tena, akasimama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akamtazama adui yake usoni.

"Bwana Nurdin," akanena, "mimi nakwenda Mkuyuni. Nikikosea, utasimama kwenye mkutano ujao uwaambie watu wote nimekosea, na nitapiga makofi. Lakini nikiwa nimepatia, nitahitaji mtu anayejua maji, kwa sababu samaki huyo yumo kwenye dimbwi linalokauka. Unakuja au huji?"

Nurdin akachukua mkoba wake wa vipimo. "Nakuja," akasema, "ili makofi hayo niyasikie mwenyewe."

Wakaja basi, watatu, na silaha zao: nyavu laini kama shela, ndoo, pampu ndogo ya kupuliza hewa, na simu ya Prudencia ambayo ndani yake walikuwamo washirika wao, wanazuoni wa Kisumu na wa Jinja, wamekaa macho kwenye kundi la WhatsApp kama jeshi la akiba nyuma ya kilima. Maana ziwa hili ni la nchi tatu, na samaki hana pasipoti. Na watu hawa wa nchi tatu walikuwa wamekula kiapo kumtafuta pamoja. Wakaingia uani kwa Mama Paskazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Piteni huku, angalieni huyo bata."

Ole wetu! Laiti wangaliyatia maanani maneno yale. Kwa maana katika uwanja ule alitawala bata dume mmoja, mweusi mwenye kifua cheupe na uso wa mabaka mekundu, ambaye Mama Paskazia alimpa jina la shemeji yake, Machibya, kwa sababu wote wawili walitembea wakitikisa mabega na hawakumpisha mtu. Machibya alikuwa amesimama juu ya tofali, akiwatazama wageni kwa jicho moja.

Mimi wakati huo nilikuwa juu ya lile jiwe la upande wa kaskazini, naanika shuka za mteja, na kutoka pale nikaona kila kitu kama aliye kwenye jukwaa la uwanja wa mpira.

Celestina akalala kifudifudi ukingoni, kidevu chake kikagusa maji. Muda ukapita. Kuku wakanyamaza. Ndipo kutoka chini ya kivuli cha jiwe akatokea yeye, mwana wa mfalme wa maji, aliyelala kaburini pasipo kufa: dume la furu shanga, mkanda wake mwekundu unawaka, wanja wake jichoni, na katika pezi lake zile shanga za njano. Akatanua mapezi yake yote. Akajitikisa, akajigeuza huku na huku.

"Prudencia," Celestina akanong'ona, "waoneshe."

Prudencia akaishusha simu karibu na maji. Sauti ya mtu wa Kisumu ikasikika ikiuliza habari za mdomo wa chini. Mtu wa Jinja akataka aone mkia. Kisha simu ikajaa kelele za watu wazima wenye shahada za juu wakilia na kucheka kwa pamoja. Nurdin akapiga magoti kwenye tope, na suruali yake ya kitambaa, ambayo mimi ndiye niliyeipunguza, akatazama, akatazama tena. Akageuka.

"Daktari Celestina," akasema taratibu, bila kupitia kwa mtu, "nilichoka. Ulisema kweli."

Naye Celestina alifumbua kinywa ajibu, na hakika lingekuwa jibu kubwa la kukumbukwa. Lakini halikutoka. Kwa sababu wakati huohuo Machibya aliteremka kwenye tofali, akapita katikati yao kwa mwendo wa mtu anayeingia nyumbani kwake, akatumbukiza shingo majini, akaitoa. Mkanda mwekundu ukaonekana kidogo pembeni mwa mdomo wake. Akameza.

Kiumbe aliyeokoka na sangara, na maji machafu, na miaka yote ile ya kusahauliwa, aliyeonekana kwa muda wa mtu kufunga vifungo vya shati, alikuwa anashuka polepole katika shingo ya bata. Mama Paskazia alishika kichwa. "Machibya!" akalia. "Umeniaibisha mbele ya wageni!" Prudencia akakaa chini palepale. Celestina hakulia, alibaki amelala ukingoni, mkono wake majini, kama mtu aliyeachwa na meli.

Ni Nurdin aliyemwona wa pili.

"Msisogee," akasema. "Mama alisema viwili. Tazameni kwenye ufa."

Na hapo, ndani ya ufa wa jiwe, palikuwa na jike. Hakuwa na mkanda, wala shanga, wala fahari yoyote. Alikuwa wa kijivu kama vumbi la barabara, isipokuwa ule mstari jichoni. Lakini koo lake lilikuwa limevimba, na mdomo ameufumba kama mwanamke aliyekataa kujibu swali. Celestina alipoliona lile koo, uso wake ukarudi kuwa wa askari.

"Ana mayai kinywani," akanena kwa sauti ya kutufundisha sisi sote, mimi wa juu ya jiwe nikiwamo. "Furu hatagi akaondoka. Huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na wakati wote huo hali chochote, asije akameza wanawe. Ukoo mzima wa furu shanga, wote tunaoujua duniani, umo ndani ya mdomo ule. Tukimshtua atayatema, na yakitemwa kwenye maji haya ya moto hayaishi. Tukiyachota maji yote atajikaza ndani ya ufa afe. Tukimwacha, jua litamaliza dimbwi, na likichelewa jua, yupo Machibya."

Vita vikaanza.

Shambulio la kwanza liliongozwa na Celestina na wavu wake. Akauingiza kwa ustadi. Jike akarudi nyuma kwenye ufa. Akausogeza, jike akatokea tundu jingine. Jiwe lile, kumbe, lilitobolewa kama chujio, na kila tundu lilikwenda kwenye tundu jingine. Wavu ukanasa kwenye jiwe ukachanika, na mpasuko wa wavu ule niliusikia mifupani, kama fundi. Nurdin akajaribu kumkinga kwa mkono upande wa pili, wakagongana vichwa majini.

"Umenikanyaga!"

"Wewe ndiye uliyekuja upande wangu!"

"Prudencia, mwambie mtu huyu..."

"Simwambii mtu kitu!" Prudencia akapaza sauti, naye akasimama, na mimi nilistaajabu maana sikujua kwamba sauti hiyo ilikuwamo ndani yake. "Miaka yote nimekuwa waya wa simu kati yenu. Leo mko ndani ya dimbwi moja, magoti yenu yanagusana. Semezaneni wenyewe! Huyo samaki hana muda wa kunisubiri mimi nipeleke salamu."

Wakatazamana, maji yakiwatiririka usoni. Nurdin ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wewe unaijua tabia yake. Akiogopa, anataka nini?"

"Tundu. Dogo, lenye giza, la kumtosha yeye peke yake."

"Basi tuyazibe matundu yote aliyonayo."

"Atakufa ndani."

"Hatutamzibia ndani. Tunaziba yaliyo wazi, moja moja, tukimpa nafasi ya kuhama. Nami najua maji: haya yamechemka. Tukimwekea tundu jipya, lenye giza kuliko yote na lenye maji ya baridi, ataliacha jiwe mwenyewe." Akageuka. "Mama, una chungu?"

Mama Paskazia alikuwa nacho, chungu cha udongo, cheusi kwa masizi, chenye shingo nyembamba, ambacho hupikia maharage siku za wageni. Wakakijaza maji ya ziwa yaliyotekwa kwenye kina, yenye baridi, wakakilaza chini ya dimbwi, mdomo wake ukiuelekea ufa. Na sasa wakahitaji vitambaa vya kuzibia, vingi, laini, visivyomjeruhi.

Hapo ndipo historia iliponiita mimi. Wakuu hawa wa elimu waliinua macho wakaniona. Sikusita. Nilishuka kwenye lile jiwe kwa makalio, nikakimbilia kwenye kibanda changu, nikarudi na gunia la vipande: vitenge, kaki ya sare za shule, bitana za makoti, na robo ya pazia la mtu ambaye hajaja kulichukua mpaka leo. Celestina akaziba, Nurdin akaziba, kila tundu taratibu, bila kutikisa maji, wakinong'onezana kama watu wanaomlaza mtoto. "Hapo chini." "Nimepata." "Subiri, anahama." "Mpe nafasi." Sikuwahi kuona watu wawili wakifanya kazi namna ile, mikono yao minne ilikuwa ya mtu mmoja. Nao wale wa Kisumu na Jinja, waliokuwa wakitazama kupitia simu, waliona kwa pembe ambayo wawili hawa hawakuiona, na mara kwa mara sauti ikatoka, "Kushoto kwenu, juu ya mkono wa Celestina, lipo jingine."

Gunia likaisha, na tundu moja likabaki, la mwisho, na jike akawa amekwisha kuligundua, pua yake inaelekea huko. Akipita hapo, angeingia katikati ya jiwe pasipofikika. Celestina akatazama kulia na kushoto. Nurdin akaishika kofia yake. Aliivua, nyeupe pe, kazi ya macho ya mama yake, akaikunja, akaizamisha kwenye tope na kulizibia tundu.

"Nurdin," Celestina akasema kwa sauti ndogo.

"Tazama samaki," akajibu.

Lakini adui hakuwa amelala. Machibya, ambaye utamu wa dume ulikuwa bado mdomoni mwake, alimponyoka Mama Paskazia akaja mbio, mabawa yamekunjuliwa, shingo imenyooka kama mkuki, anafoka. Nurdin, asiyekuwa na kofia, akainuka kutoka majini kumkabili. Ah, laiti mngaliliona pambano lile! Bata alimpiga bawa la shavu. Daktari akamshika bawa. Bata akamnyaka kidole. Daktari akatamka neno ambalo mwana wa masonara hatakiwi kulijua. Wakazunguka, wakaanguka kwenye tope, manyoya yakaruka mpaka kwenye shuka za mteja wangu, na mwishowe Nurdin akamkumbatia Machibya kifuani kwa nguvu zake zote, akakaa naye hivyo, wote wawili wakihema, macho kwa macho, hakuna aliyekubali kupepesa.

"Endelea!" akapiga kelele ya kunong'ona. "Mimi nimemshika!"

Na katika dimbwi, jike wa kijivu alikuwa amesimama mbele ya mdomo wa chungu. Maji ya baridi yalikuwa yakimpuliza usoni. Akasogea. Akarudi. Kisha yule mama mwenye wanja akageuka, akatingisha mkia wake mdogo, na akaingia mwenyewe kwenye giza lile, polepole, kinyumenyume, kama mtu anayeingia chumba cha kupanga akitazama mlango.

Celestina akaufunika mdomo wa chungu kwa kiganja chake. Akakiinua.

Hakuna aliyeshangilia. Prudencia alitumbukiza mpira wa hewa. Nurdin akamwachia bata. Gari lao lilikuwa juu barabarani, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi gari. Basi Celestina akakibeba chungu mikononi, Nurdin akitangulia kumfungulia njia, kichwa wazi, ametapakaa tope na manyoya, wakapita katikati ya soko la Mkuyuni. Wauza nyanya walipisha. Wapakia magunia walipisha. Mtu mmoja akauliza, "Mmebeba nini humo, maharage?" Naye Nurdin akamjibu kwa heshima zote, "Tumebeba watu wako, ndugu. Walikuwapo kabla yako."

Yule mtu akavua kofia, ingawa nadhani alidhani ni maiti.

Siku zikapita. Pale kituoni jike alipewa tangi la peke yake, lenye giza na mawe na maji ambayo Nurdin aliyapima asubuhi na jioni, akiyasemesha. Celestina alihamishia kiti chake huko. Naye Mama Paskazia na kamati ya mwalo walikaa kikao, wakakubaliana kwamba mawe yote ya upande ule yasitupiwe nyavu wala kuvunjwa kokoto, maana samaki aliyeletwa na mafuriko lazima ana kwao, na kwao huenda wapo ndugu zake. Na wanazuoni wa nchi zote tatu wakaanza kuyapekua mawe ya ziwa, jiwe kwa jiwe, kila mmoja pwani yake. Machibya alijengewa uzio. Anaendelea kutikisa mabega ndani yake.

Mpaka ikafika asubuhi Prudencia alipotupigia simu. Njooni, akasema, koo limeanza kucheza. Nikafunga cherehani. Tulikwenda wengi, nusu ya mtaa, na Mama Paskazia mbele na kitenge chake kipya, tukajazana kwenye chumba cha matangi mpaka kuta zikatoa jasho. Nurdin alikuwa amekaa sakafuni bega kwa bega na Celestina, amevaa kofia yake. Ilikuwa imefuliwa ikafuliwa tena, na rangi yake sasa ilikuwa ya chai ya maziwa.

Jike akasogea mbele ya kioo. Akafumbua mdomo.

Vikatoka. Vidogo! Vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja na macho makubwa kuliko mwili wake, vikatoka kama moshi mwembamba na kutandaa mbele ya mama yao, vikiyaona maji kwa mara ya kwanza. Na Mkuyuni, ndugu zangu, ni Mkuyuni. Mama Paskazia alipiga kigelegele kilichotikisa vioo. Sote tukashangilia kwa sauti moja, makofi, miluzi, na mtu nyuma akaanza wimbo.

Jike akashtuka. Akafumbua kinywa, na vile vyote, kufumba na kufumbua, vikakimbilia ndani. Akafumba. Tangi likabaki tupu, na yeye mwenyewe yuko pembeni anatutazama, koo limevimba kama mwanzo, wanja wake jichoni, amekasirika.

Tukaona aibu kubwa. Celestina hakutukaripia. Aligeuka tu, akaweka kidole mdomoni. Na hapo likatendeka jambo ambalo hata kuliko bata, kuliko chungu, nitalisimulia mpaka uzeeni. Watu wa Mkuyuni wakanyamaza. Wauza samaki, wapiga debe, wapakia magunia, watu ambao hata msibani hunong'ona kwa kupiga kelele, walinyamaza wote pamoja, muda mrefu, mpaka nikawa naisikia pampu ya hewa na pumzi ya aliyesimama mgongoni kwangu. Nurdin alikuwa analia na hakuthubutu kupenga kamasi.

Jike akangoja. Akatupima. Kisha akasogea tena mbele, taratibu, akafumbua mdomo.

Basi vitangazeni vita hivi, enyi mnaonisikia, na waambieni wana wenu: katika mji wa Mwanza, ukingoni mwa Nyanza, waliopotea walirudi, mmoja mmoja, kutoka kinywani mwa mama yao, na nusu ya mtaa ikashangilia ushindi huo kwa kufungua midomo yote bila kutoa sauti hata moja.